Karatasi ninayotengeneza nyumbani inakuwa nene, inajikunja na wino unasambaa. Nifanyeje?

Mchora_Majani:

Habari zenu wadau wa kazi za mikono. Naomba msaada wenu maana hapa nilipofika peke yangu siendi mbele.

Natengeneza karatasi mwenyewe nyumbani kwa makaratasi yaliyokwisha kutumika, yani madaftari ya zamani, magazeti, bahasha, maboksi, chochote kinachopatikana. Nachana vipande, naloweka, nasaga kwenye blenda, namimina kwenye beseni la maji afu nachota kwa fremu ya mbao niliyoigongea wavu wa dirisha. Karatasi inatoka, hilo sina shida nalo, na ile furaha ya kubandua kitu kilichokuwa takataka jana leo ni karatasi yako mwenyewe sijui hata niielezeje.

Shida ni hizi. Inakuwa nene katikati pembeni nyembamba, ina mabonge, ikikauka inajikunja yote haikai chini, nikiikunja katikati inapasuka pale pale kwenye mkunjo, na nikiandika kwa kalamu ya wino basi wino unasambaa mstari unageuka doa. Na mimi ninachotaka hasa ni kuchora majani na maua kwa wino, na baadae nishone vidaftari vidogo vya kuwapa ndugu na marafiki. Kuna mtu kaniambia nichanganye gundi nyeupe kwenye rojo ili ishike vizuri, ni kweli? Na hapa nyumbani wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto wa chekechea, mi naona ni kazi kamili na nataka niifanye inavyotakiwa.

Fundi_Beseni:

Karibu sana ndugu. Nianze na hilo la gundi maana ndilo linalopoteza watu wengi: usitie gundi kwenye rojo. Karatasi haishikani kwa gundi. Kilichomo mule ni nyuzi za mmea, selulosi, na nyuzi zikishalowa vizuri zikasogeleana afu maji yakatoka zinakamatana zenyewe kwa zenyewe, wenye kemia yao wanaita vifungo vya haidrojeni. Kwa hiyo karatasi yako ikiwa inamomonyoka jibu ni kwamba nyuzi hazijalowa vya kutosha, au ni fupi mno, au hazijakandamizwa wakati bado ni mbichi. Ukitia gundi unapata kitu kigumu kinachopasuka vizuri zaidi na wavu wako unaziba.

Sasa tuanze na malighafi. Magazeti yaache. Gazeti linatengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu bila kuondolewa lignini (kile kinachoshikanisha nyuzi ndani ya mti), nyuzi zake dhaifu, na ile lignini ndio inayofanya gazeti liwe la njano likikaa juani, kwa hiyo mchoro wako utageuka njano pamoja nalo. Majarida yanayong'aa nayo yamepakwa udongo mweupe juu, unasaga udongo unadhani unasaga karatasi. Risiti zile za mashine zinazochapa kwa joto usiguse kabisa, mara nyingi zina kemikali ambazo hutaki kuzikoroga kwa mikono. Chukua karatasi za printa zilizotumika, madaftari, bahasha zisizo na dirisha la plastiki. Boksi linafaa kwa rangi ya kahawia na kwa majalada ila lichanganye kidogo kidogo.

Chana vipande vidogo, viloweke usiku kucha, haraka yote ya hii kazi inaharibikia hapo. Kwenye blenda weka konzi moja tu ya karatasi na maji karibu ujaze jagi, usage kidogo, upumzishe, usage tena. Kupima kama mabonge yameisha chukua chupa ya kioo tia maji na kijiko kimoja cha rojo, tikisa afu angalia kwenye mwanga. Ukiona vipande vinaelea bado. Ukiona ukungu mweupe uliotawanyika sawasawa hapo tayari.

Unene sasa. Beseni lako lina rojo nyingi mno, nina uhakika na hilo bila kuliona, karibu kila anayeanza anaweka nyingi. Beseni la lita 10 linataka gramu 50 mpaka 100 za karatasi kavu, basi, linatakiwa lionekane kama maziwa yaliyoongezwa maji. Hesabu rahisi: karatasi moja ya A4 ya printa, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, ina uzito wa gramu 5. Ukisaga 20 una gramu 100, hizo zinakupa A5 (nusu ya A4) kama 20 hivi zenye unene mzuri wa kuchorea, kidogo kitapotea njiani. Ukiona hizo 20 zimekutolea A5 nane tu ujue unachota nzito.

Kila unapotaka kuchota koroga kwanza kwa mkono maana nyuzi zinazama chini. Fremu iingie ikiwa imeinama, ilaze sawa ikiwa chini ya maji, ipandishe moja kwa moja juu bila kusita, na wakati maji bado yanatiririka itikise taratibu mbele nyuma, kushoto kulia. Hapo ndipo unene unapolingana. Maji yakishapungua usitikise tena, acha, ukiendelea unaichana. Na kama huna fremu ya pili tupu ya kuweka juu ya ile yenye wavu itengeneze, ndiyo inayoshika ukingo. Zote mbili ziwe na ukubwa mmoja.

Kukandamiza ndiko kunakotoa karatasi. Ukishazigeuza karatasi kutoka kwenye fremu na kuzilaza kwenye vitambaa vyenye unyevu (vyenye unyevu, kikavu kitaing'ang'ania karatasi) panga karatasi kitambaa karatasi kitambaa, weka ubao chini na ubao juu, panda usimame juu yake au kaza kwa klempu, maji yamwagike. Acha kama nusu saa. Mtu asiyekandamiza anapata kitu kinachofanana na trei ya mayai.

Kujikunja ni kwa sababu upande mmoja unakauka kabla ya mwingine. Usianike juani. Ikitoka kwenye kukandamizwa ibandike kwenye kioo cha dirisha au meza yenye uso laini, ipige pige kwa brashi pana ishike kila mahali, acha ikauke hapo hapo. Ikishakauka inabanduka imenyooka na upande uliogusa kioo unakuwa laini kabisa. Huo ndio wa kuchorea.

NyuziNdefu:

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, nakubaliana naye karibu yote ila kwenye blenda naongeza neno. Blenda inakata nyuzi, haizipondi. Ukisaga sana unapata rojo laini la kupendeza machoni lakini nyuzi zimekuwa fupi, na karatasi yenye nyuzi fupi ndiyo hiyo inayopasuka kwenye mkunjo. Halafu makaratasi ya ofisini mengine yalishasagwa upya kiwandani kabla hayajakufikia, na kila yanaposagwa upya nyuzi zinafupika. Kwa hiyo kama unataka kushona madaftari changanya na nyuzi za mmea, hata robo tu ya rojo inaleta tofauti utakayoisikia mkononi.

Yapo majani na mashina mengi yanafaa: shina la mgomba, katani, majani ya nanasi, maganda ya hindi yale ya nje. Yakate vipande vya kama sentimita 2 au 3, yaloweke, afu yachemshe kwenye maji yenye magadi, yale ya sodiamu kaboneti. Kipimo ninachotumia ni gramu 20 za magadi kwa kila gramu 100 za mmea mkavu. Mengi yanataka saa 2 mpaka 4 za moto mdogo. Utajua yameiva ukivuta kipande kwa upana wake kikaachana chenyewe. Hapo unasuuza na kusuuza mpaka maji yatoke masafi na yasiteleze tena kwenye vidole, ukiharakisha hapa magadi yanabaki ndani ya karatasi. Halafu unaponda kwa nyundo ya mbao juu ya ubao au kwenye kinu ambacho hakitatumika tena kwa chakula. Kuponda ndio kazi yenyewe, nyuzi zinachanuka pembeni zinapata pa kushikana.

Tafadhali sana sikilizeni hili: sufuria ya alumini HAPANA. Magadi yanakula alumini na yanatoa gesi. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, chemshia sehemu yenye hewa, vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Kuna wanaoshauri kostiki soda kwa sababu inaivisha haraka, mimi kwa mtu wa nyumbani siishauri hata kidogo, inaunguza ngozi na macho vibaya na hakuna karatasi inayostahili hiyo hatari.

Hii njia wala si ngeni. Cai Lun, yule ofisa wa China anayetajwa kwenye historia kwamba aliwasilisha karatasi yake kwa mfalme mwaka 105, alitumia magome ya miti, hempu (mmea wa jamii ya bangi wenye nyuzi), matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Nyavu kuukuu! Yani tangu mwanzo kabisa karatasi ilikuwa kazi ya kuchukua kilichochakaa.

Mchora_Majani:

Jamani nashukuru hadi sijui niseme nini. Kumbe gazeti ndilo lililokuwa linanidhoofishia karatasi, na rojo kweli ilikuwa nzito, nilikuwa naona nikipunguza haitashika. Blenda nitasaga kidogo kidogo na mgomba nitaujaribu nikipata sufuria inayofaa.

Bado la wino hamjaligusa. Hata ile sehemu nyembamba iliyotoka vizuri nikigusisha kalamu wino unakimbia.

Kalamu_na_Wino:

Hilo nalijibu mimi maana ndio maisha yangu.

Wino unakimbia kwa sababu karatasi yako haijafungwa. Karatasi tupu ni nyuzi na matundu, inanyonya kila kinachoigusa, ndio maana karatasi za kukaushia wino zinaachwa hivo hivo makusudi. Za kuandikia lazima zipakwe kitu cha kuzuia. Ulaya karne nyingi walichovya kwenye gelatini iliyotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na mafundi wa ulimwengu wa Kiislamu, Samarkand, Baghdad na kwingineko, walipaka wanga afu wakasugua kwa jiwe laini mpaka karatasi ing'ae na kalamu ya mwanzi iteleze. Ukiangalia hati za zamani za Kiarabu kwa karibu ule mng'ao unauona bado.

Wewe anza na wanga, ni rahisi. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, vikombe viwili vya maji, koroga kwanza kwenye maji ya baridi afu weka motoni ukikoroga mpaka yageuke kutoka meupe kuwa kama kioo. Acha yapoe. Karatasi iwe imekauka KABISA, ikae hata wiki kama una subira, ndipo upake kwa brashi pana upande mmoja, ikauke, afu upande wa pili. Ukipaka karatasi ambayo bado ina unyevu itakuvunjikia mkononi. Ikikauka weka kitambaa juu pitisha pasi isiyo na mvuke, au isugue kwa mgongo wa kijiko, hapo ndipo inapokuwa tamu.

Gelatini inatoa uso mgumu zaidi, mzuri kwa kalamu yenye ncha kali na kwa rangi za maji. Gramu 20 kwa lita moja ya maji, iloweke kwenye maji baridi ivimbe kwanza, afu ipashe moto bila kuichemsha, ikichemka inapoteza nguvu. Ichovye ikiwa ya vuguvugu. Usiitengeneze nyingi ukaiweka, inaoza na inanuka.

Pima kabla hujachora kitu cha maana. Kata pembe, chora mistari mitano inayokatana. Mstari ukibaki na ukingo mkali endelea. Ukiona una vimanyoya pembeni ongeza tabaka moja. Ukiona wino unasimama juu kama tone haukauki basi umepaka nyingi. Kila karatasi ina tabia yake, ya mgomba inataka kidogo ya madaftari inataka zaidi, hilo utalijua kwa mkono wako mwenyewe.

Sindano_na_Uzi:

Nami niingie kwenye kushona maana naona mmemwacha njiani.

Karatasi ya kiwandani nyuzi zake zimelala upande mmoja kwa sababu ya mwendo wa mashine. Ikunje bila kuibana, upande mmoja utakunjika kirahisi na mwingine utakataa. Kitabu kinatakiwa mkunjo ufuate upande ule rahisi, sambamba na mgongo wa kitabu, la sivyo kurasa zinasimama hazitaki kulala na jalada linapinda. Uzuri wa ya mkono, kama umetikisa pande zote mbili alivyosema fundi, nyuzi zimelala kila upande, unakunja unavyotaka. Ila jalada ukitumia kadi ya kiwandani pima hilo jambo kwanza.

Kidaftari cha kwanza usijisumbue na gundi. Kunja karatasi nne au tano pamoja, zaidi ya hapo kwa karatasi nene ya mkono mgongo unatanuka. Kabla ya kukunja chora mstari wa mkunjo kwa kitu butu, sindano ya kufumia inafaa, au mgongo wa kisu cha mezani, hapo karatasi haitapasuka. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mawili juu na chini. Uzi uwe mara tatu ya urefu wa mgongo, wa kitani kama upo, upitishe kwenye nta usijinyonge. Sindano ianzie ndani tundu la kati itoke nje, iingie ndani kwa tundu la juu, iruke la kati ikiwa ndani iende la chini itoke nje, irudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikutane ndani, moja kila upande wa ule uzi mrefu, funga fundo juu yake. Basi, una kitabu. Vuta uzi kwa kufuata mgongo, ukiuvuta kwa pembeni unachana tundu.

Pembe zile zenye manyoya usizikate jamani. Naona watu wanatengeneza karatasi kwa mikono siku nzima afu wanachukua rula na kisu wananyoosha ukingo hadi inafanana na ya dukani. Ule ukingo ndio unaosema kazi imepita mikononi mwa mtu.

Mkasi_Mdogo:

Mi nina moja tu, kuhusu hao wanaosema ni mchezo wa chekechea. Mary Delany wa Uingereza alianza kukata maua ya karatasi za rangi mwaka 1772 akiwa na miaka 72. Vipande vidogo vidogo vya karatasi, petali moja kwa moja, vimebandikwa juu ya karatasi nyeusi, na ni sahihi kiasi kwamba ua unalitambua ni la jamii gani. Alifanya karibu 1000 mpaka macho yalipomzuia, na leo yako kwenye jumba la makumbusho la British Museum. Na Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, mwishoni mwa maisha yake, afya imemtupa mkono, hasimami tena mbele ya turubai, alichukua mkasi na karatasi zilizopakwa rangi akafanya kazi ambazo kwangu mimi zinazidi nyingi alizopaka kwa brashi. We endelea, na vipande unavyokata usitupe hata kimoja.

Mchora_Majani:

Nimerudi wadau. Nimefanya mzigo mpya kwa karatasi za printa peke yake, rojo nyepesi, nimekandamiza na kubandika kwenye kioo. Imetoka nyembamba, imenyooka, nikaipaka wanga na mstari wa kalamu umekaa! Una ukingo kabisa. Nimechora jani la mpapai lote na mishipa yake.

Swali la mwisho kabla sijaanza kushona. Nataka kuweka petali ndani ya karatasi zenyewe za jalada. Niliweka za zambarau zikatoa maji ya rangi zikabaki kahawia. Na lile rojo linalobaki mnafanyia nini?

Fundi_Beseni:

Hongera sana, jani la mpapai lina mishipa migumu kuchora hivo kama mstari umekaa hapo utakaa popote.

Petali za zambarau na nyekundu nyingi rangi yake inayeyuka kwenye maji, ndio maana. Za njano na chungwa kwa kawaida zina rangi isiyoyeyuka kwenye maji, hizo zinavumilia. Vyovyote vile zikaushe kwanza zikiwa zimebanwa ndani ya kitabu mpaka ziwe nyembamba na kavu kabisa, petali mbichi inaoza ndani ya karatasi. Na usizikoroge kwenye beseni, ziweke juu ya karatasi ikiwa imeshalazwa kwenye kitambaa, afu chota nyingine nyembamba sana uilaze juu, zitaonekana kwa chini kidogo na hazitabanduka. Majani membamba yenye mishipa yanakaa vizuri kuliko maua, na wewe ni mtu wa majani.

Rojo usimwage kwenye sinki wala chooni, inakwenda kukauka ndani ya bomba na kuziba. Ichuje kwa kitambaa, ikamue iwe mipira, ianike ikauke hadi ndani. Hiyo inakaa miaka, siku ukitaka unailoweka tena. Ukiiacha mbichi kwenye ndoo itanuka ndani ya siku chache. Maji uliyoyachuja tumia kulowekea mzigo unaofuata, bado yana nyuzi ndogo ndogo ndani yake.